Dakika Ambazo Sikuzihesabu

Ninyi mnaoanza kazi sasa mnaikuta chupa ya oksijeni imesimama pembeni mwa chumba cha upasuaji, ndefu na nzito, na mnafungulia hewa kwa kuzungusha kifunguo. Ni jambo zuri. Sitasema kwamba sisi tulikuwa hodari zaidi kwa sababu hatukuwa nayo. Pale Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, katika miaka ya hamsini, tulikuwa na chupa ya etha, kofia ndogo ya waya iliyofunikwa gazi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, vidole kumi, na dirisha moja kubwa linalotazama ziwa. Siku nyingi vilitosha. Siku moja havikutosha, na kosa halikuwa la vifaa. Kosa lilikuwa langu.

Watu walidhani kazi yangu ni kulaza mgonjwa ili daktari apasue. Kulaza ni rahisi. Unaweka kofia ya waya juu ya pua na mdomo, unadondosha etha tone kwa tone, na baada ya muda hata mtu mwenye nguvu kama fahali hulala. Kazi yenyewe ni kumrudisha akiwa mtu yule yule aliyelala. Ngozi ikikosa hewa kwa muda hupona. Mguu huvumilia. Ubongo hauvumilii. Chembe zake hutumia hewa bila kupumzika na hazina akiba yoyote. Zikikaa dakika tatu au nne bila kupata, zinaanza kufa, na zikifa hazioti tena kama nywele. Haya niliyasoma baadaye. Wakati naanza kazi, nilijua tu kwamba mtu aliyekosa hewa anaweza kufa. Sikujua kwamba anaweza kuamka na kubaki amepungua.

Aliyenifundisha ni mzee Wilondja, Mbembe wa milimani, muuguzi mwenye mikono mipana na maneno machache. Mafunzo yangu yalianza kwa ndoo na mbuzi. Alinipa ndoo yenye maji nusu, niining'inize kwenye kidole cha mwisho na cha pete cha mkono wa kushoto, huku nikihesabu pumzi za mbuzi aliyefungwa nje. Vidole hivyo viwili ndivyo vinavyoinua taya la mgonjwa aliyelala. Taya likilegea, ulimi unarudi nyuma na kuziba koo. Nilishika ndoo mpaka maji yakaanza kumwagika.

“Sasa mbuzi amepumua mara ngapi?” aliniuliza.

“Nimepoteza hesabu, Baba.”

“Haizuru. Mbuzi hatakufa. Ndiyo maana unaanza naye.”

Baada ya majuma kadhaa ya ndoo, alinipa mgonjwa wa kweli na kanuni moja zaidi. “Angalia kucha,” alisema. “Kucha ya muntu anayepata hewa iko kama ndani ya pera bivu. Ikigeuka kama zambarau, toa kofia, inua taya, usiulize muntu yeyote ruhusa.” Kwa ngozi zetu, mashavu hayamwonyeshi muuguzi mengi, na vitabu vya Wazungu vilizungumza juu ya mashavu tu. Kwa hiyo niliangalia kucha, na kwa miaka miwili kucha zilinitosha.

Tulicheka pia, msidhani tulikaa kama mazishini. Mtu akiingia usingizi wa etha hupita mahali ambapo anasema asiyojua anasema. Mvuvi mmoja wa Mboko, aliyekuja kupasuliwa ngiri, alianza kuwaamuru watu wake: “Vuta! Vuta, nyinyi bavivu! Samaki inaenda!” Kisha akamtaja kwa jina jirani yake aliyemwibia wavu, na baba wa huyo jirani pia, na babu yake. Dirisha lilikuwa wazi. Kesho yake wavu ulikutwa mlangoni pa wodi, umekunjwa vizuri. Mvuvi alipoamka hakukumbuka lolote, na alidhani hospitali ndiyo imempa zawadi.

Na hili liandikeni kwenye daftari zenu: usimuulize mgonjwa kama amekula. Atasema hapana. Tumbo lililojaa ni hatari, kwa sababu chakula hurudi kooni mtu akiwa amelala. Lakini mama gani atakubali mwanawe apelekwe kwenye kisu na njaa? Nilijifunza kumwendea dada wa mgonjwa, nikizungumza kama mtu anayepita njia.

“Leo asubuhi mulipika nini?”

“Uji ya muhogo tu, munganga. Na ndagala.”

“Mugonjwa alikunywa ngapi?”

“Bakuli moja tu.” Kisha, kwa sababu alikuwa mkweli: “Ile kubwa.”

Huyo tulimrudisha wodini, na upasuaji ukangoja siku nyingine. Daktari alikasirika. Alikuwa Mzungu aliyeteremka kutoka Fizi kwa lori mara moja kila majuma mawili, na watu walimpa jina la Bwana Haraka, kwa kuwa ilimpasa kurudi mlimani kabla mvua haijaharibu barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama mawingu zaidi kuliko alivyotutazama sisi.

Siku ya kumpasua Zuena daktari alifika mapema, na mbingu ilikuwa safi.

Zuena alikuwa mke wa Ramazani, fundi cherehani, katika zile familia za Kiislamu za kando ya ziwa. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na uvimbe tumboni uliowafanya majirani wampongeze kwa mimba ambayo haikuwapo. Alilelewa na shangazi yake, Mama Hawa, aliyemfundisha kusuka mikeka. Wasukaji walikuwa wengi Baraka. Zuena alikuwa peke yake kwa jambo moja: alishika mpangilio wa rangi tano au sita kichwani, bila mchoro wala mfano, akajua ni utepe gani wa ukindu unafuata upi, na huku mikono ikienda aliwasimulia wanawake wenzake habari za mji mzima. Maharusi walisogeza arusi mbele ili wapate mkeka wake. Asubuhi ile Mama Hawa alinishika mkono mlangoni, akaniambia, “Tumbo mukate namna munataka. Kichwa yake muniletee sawasawa.” Alisema hivyo kwa mzaha, kwa sababu alikuwa na hofu.

Juma lililotangulia mdogo wake Zuena alikuwa ameolewa. Vidole vya Zuena vilikuwa na hina mpaka kwenye kiungo cha kwanza, na kucha zake zilikuwa nyekundu nzito. Tulikuwa na desturi ya kuwafuta rangi ya kucha mabibi wa Kizungu kabla ya upasuaji. Hina haifutiki, na hakuna aliyeifikiria. Mimi niliiona na nikaipenda tu.

Wilondja alikuwa nje akichemsha vyombo, maana etha hushika moto na jiko halikuruhusiwa ndani. Nilikuwa peke yangu kichwani pa meza. Wakati ule nilikuwa nimeanza kujisomea kitabu cha Kifaransa juu ya viungo vya ndani, kitabu kilichokosa jalada, na nilikuwa nimefika sura ya tumbo. Daktari alipouinua ule uvimbe, mkubwa kama papai, uking'aa, nilisimama nitazame. Mkono wangu wa kushoto ulibaki chini ya taya. Vidole viwili vya ndoo vililegea. Nilisikia mkoromo wa Zuena ukikoma, nikafikiri: vizuri, sasa amelala kwa utulivu. Nikashusha macho kwenye mkono wake uliokuwa kando yangu. Kucha zilikuwa nyekundu. Nikaendelea kutazama papai.

“Damu iko nakuwa nyeusi,” daktari aliniambia, bila kuinua kichwa. “Etabo! Damu nyeusi!”

Nikamjibu, “Kucha iko muzuri, Bwana Daktari.”

Nimesema maneno mengi katika maisha yangu. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka vizuri kuliko yote.

Wilondja aliingia na sinia ya vyombo. Alimtazama Zuena mara moja, akaacha sinia ianguke, yeye ambaye hakuwahi kuangusha hata kijiko. Alinisukuma kwa bega, akautoa mdomo wa chini wa Zuena nje kwa kidole gumba. Ndani yake palikuwa na rangi ya ini. Alitupa kofia ya waya, akavuta ulimi kwa koleo, akainua taya. Kifua hakikupanda. Akaweka gazi juu ya mdomo wa Zuena, akaweka mdomo wake juu ya gazi, akapuliza. Mzee wa kanisa, juu ya mke wa mtu, tena Mwislamu. Hakufikiri hata kidogo. Alipuliza mara nyingi. Mimi nilisimama nikiwa nimeshika chupa ya etha kama mtu aliyeshika taa mchana. Kisha Zuena akavuta pumzi moja, mbaya, yenye kukwaruza, na nyingine, na daktari akasema damu inarudi nyekundu.

Alipomaliza kushona, alifungua daftari lake. “Dakika ngapi bila hewa?”

Saa ilikuwa ukutani, mbele yangu. Sikuwa nimeitazama.

“Sijui, Bwana Daktari.”

“Mbili? Sita?”

“Andika kwamba hatujui,” Wilondja akasema. Daktari akaandika alama ya kuuliza, akanawa, akatazama mawingu, akapanda lori.

Basi tukangoja. Wilondja alimlaza Zuena ubavu, ili mate yasimwingie kooni, na kichwa kikiwa juu kidogo. Tulimfuta kwa maji ya ziwa kila mwili ulipoanza kupata joto, kwa sababu mzee aliamini kwamba kichwa kilichoumia hakipaswi kuchemka tena kwa homa. Alipoweza kumeza tulimpa maji ya sukari kwa kijiko. Mambo haya hayakuwa katika kitabu chochote tulichokuwa nacho. Baadaye niligundua kwamba mzee alikuwa sahihi katika yote matatu, na kwamba zile chembe zilizojeruhiwa lakini hazijafa huokolewa kwa mambo madogo ya namna hiyo, katika siku zile za kwanza.

Alifungua macho alasiri. Alimwita Mama Hawa bibi. Alimtazama Ramazani kwa heshima, kama mgeni. Vidole vyake vilikuwa vinachezea shuka, vikitenganisha nyuzi: “Moja, mbili, tatu, ine.” Akakwama, akaanza upya. “Moja, mbili, tatu, ine.”

Siku ya tatu alimtambua mume wake, na jamaa wakashukuru. Mama Hawa alikuja na jogoo, Ramazani nyuma yake. “Mungu awabariki,” alisema. “Alikuwa amekufa, mukamurudisha.” Alinikabidhi mimi yule jogoo, si Wilondja. Wilondja alikuwa amesimama kando yangu akikunja bendeji.

“Sema,” aliniambia chini chini, polepole. “Ao nitasema mi, na nitasema mubaya.”

Nikasema. Nilimweleza Mama Hawa kwamba nilisimama kutazama uvimbe, taya likaanguka, Zuena akakosa hewa, na mimi nikatazama kucha na kuridhika. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe ni hina,” Ramazani akasema, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo.

“Hapana, ndugu yangu. Hina haikufanya kitu. Ni mi niliangalia mahali pabaya.”

Mama Hawa alichukua jogoo wake. Nilidhani anaondoka. Alifika mlangoni akageuka. “Utakuja kwetu kila Jumamosi,” alisema. “Utakaa pale anasuka, utaangalia kazi ile ulifanya. Usipokuja nitakufuata mpaka kanisani.”

Nilikwenda kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima. Mwanzo Zuena alisuka ukili mweupe mtupu, kama msichana anayejifunza. Akiongezewa rangi moja, alifika mistari michache akapotea, akafumua. Alipofumua hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje mara mbili. Nilianza kuandika katika daftari: tarehe, rangi ngapi, mistari mingapi kabla ya kupotea. Nilikuwa nimeshindwa kuhesabu siku moja, basi nikawa nahesabu siku zote.

“Andika, andika,” Mama Hawa alinicheka. “Ile karatasi itajua kusuka mbele ya Zuena.”

“Itasuka mubaya,” Zuena akasema. “Angalia mukono yake, iko kama miguu ya bata.”

Wanawake wote barazani wakapiga vigelegele. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu upasuaji. Niliuandika pia.

Rangi mbili zilirudi kabla ya mvua, rangi tatu baada yake. Mwisho alisuka mkeka wa rangi tano, bila kosa, na bibi arusi mmoja aliulalia. Lakini alisuka akihesabu kwa midomo, amenyamaza, amekunja uso. Ule uwezo wa kusuka na kusimulia kwa wakati mmoja haukurudi. Mtu akimsemesha katikati ya mstari, mstari ulipotea. Wenzake walijifunza kungoja mpaka aweke ukili chini. Mtu asiyemjua zamani angesema amepona kabisa. Ninyi mtakaokaa kichwani pa meza, kumbukeni hilo: madhara mengine hayaonekani ila kwa wale waliomjua mtu alivyokuwa.

Ni katika mwaka huo nilinunua kitabu changu mwenyewe na kamusi ya Kifaransa, na nikasoma juu ya ubongo, ukurasa mmoja kwa siku, wakati wa mapumziko ya mchana. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba chembe za ubongo ndizo za kwanza kufa hewa ikikatika, nilitafuta kila neno katika kamusi, hata yale niliyoyajua, nikitumaini kwamba nimekosea moja.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Nilichora mistari katika daftari, na kila baada ya dakika tano niliandika pumzi, mapigo ya damu mbele ya sikio, na rangi ya ndani ya mdomo wa chini. Hapo hakuna hina, hakuna tumbaku, hakuna rangi ya ngozi. Mkoromo ukikoma, sikuridhika mpaka niusikie upepo kwenye kiganja changu. Na sikusimama tena. Watumishi waliniita Kiti. Wilondja, aliyekuwa mwalimu wangu, aliacha kuangalia kucha akaanza kuangalia mdomo kama mimi, wala hakuwahi kusema kwamba amebadilisha. Hivyo ndivyo mtu mkubwa anavyokubali kufundishwa.

Miaka ilipita. Wilondja alirudi milimani kulima mihogo. Alikuja daktari mwingine, na pamoja naye muuguzi kijana kutoka shule ya mbali, mwenye diploma yenye muhuri na chombo kipya cha kutolea etha, cha chuma, chenye mpira na saa yake ndogo. Nilifurahi. Nilihamishiwa wodini na kwenye sindano.

Asubuhi moja walimleta Zuena kwa machela. Alikuwa na uchungu tangu juzi, mtoto amekaa vibaya, na daktari akasema lazima kupasua. Nilikuwa nikipita na sinia nikamwona. Nilitaka kupita haraka.

“Nani atakaa kwa kichwa yangu?” aliuliza.

Yule kijana akajitambulisha kwa adabu. Akamweleza juu ya chombo chake.

“Etabo iko wapi?”

“Mama, Etabo yuko wodini. Mimi nina diploma.”

“Mutoto yangu, we umesha kupoteza muntu?”

“Hapana, Mama! Hata mmoja.”

“Basi hauogope bado,” Zuena akasema, akishika ukingo wa machela maumivu yalipompata. Yalipopita akamalizia. “Mi nataka ule anaogopa.”

Daktari alitaka kujua wanazozana nini. Kijana alimtafsiria, kwa uaminifu, na hilo ninamheshimu mpaka leo. Daktari akanitazama, akaonyesha kiti kwa kidevu.

Nilikaa. Kijana alisimama nyuma yangu akanionyesha vifunguo vya chombo chake, na mimi nikamwonyesha taya. Sikuuona mtoto akitolewa, nilimsikia tu. Daftari la siku ile ninalo. Lina mistari tisa, na katika kila mstari, chini ya neno mdomo, nimeandika: nyekundu.

Tulimngoja wodini, Mama Hawa upande mmoja, sasa amezeeka, Ramazani mlangoni, na mimi kwenye kigoda. Jua lilikuwa juu ya ziwa. Zuena alitapika kidogo, akafungua macho, akayafunga, akayafungua. Niliinama.

“Jina lako ni nani?”

“Zuena.”

“Huyu pale mulangoni?”

“Ramazani. Amevaa shati ile nilimukataza.”

“Hesabu mpaka kumi.”

Alihesabu mpaka kumi na mbili. Kisha akanitazama vizuri, kwa macho yake yote mawili.

“Na we? Jina lako ni nani?”

Nilifungua mdomo nimjibu. Neno halikutoka. Nilijaribu tena, na Mama Hawa akaanza kucheka, na Ramazani akageukia ukuta.

“Munipe mutoto,” Zuena akasema. “Huyu munganga hajaamuka bado.”